Ijumaa Niliyowaahidi Wakulima

Kwa miaka sita nilikuwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika katika kijiji kimoja cha Uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara, na katika miaka hiyo yote sikugusa hata shilingi moja ya mwanachama. Naanza na jambo hilo kwa sababu kulikuwa na msimu mzima ambao, pamoja na mikono yangu kuwa safi, hapakuwa na mkulima aliyeniamini nilipotaja saa, seuze nilipotaja fedha. Wakati huohuo mwenyekiti wetu, mzee aliyeishia darasa la saba na ambaye hesabu za asilimia zilimtoa jasho, aliweza kusimama mbele ya watu mia mbili wenye hasira, akawaambia habari mbaya, nao wakaondoka wakizungumza kwa sauti ya kawaida. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba tofauti yetu haikuwa ya umri wala ya bahati.

Nilifika pale nikiwa na stashahada niliyoipatia Moshi, mji ambao watu wengi wa ushirika nchini wamepita darasani kwake, na nilikuwa na hakika kwamba elimu ile ingenitangulia popote ningekwenda. Nilijua kuandaa mizania, nilijua Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 karibu kifungu kwa kifungu, na katika Mkutano Mkuu wangu wa kwanza nilisoma taarifa ya mapato na matumizi kwa ufasaha ambao mimi mwenyewe niliufurahia. Watu walipiga makofi. Leo nikikumbuka, makofi yale yalikuwa ya adabu tu, kama yale anayopigiwa mgeni aliyejitahidi kusalimia kwa lugha ya wenyeji.

Asiyeijua biashara ya korosho huenda asione mara moja kwa nini kuaminika kuna uzito wa pekee kule. Tangu msimu wa 2007/2008, korosho za Mtwara zilianza kuuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima huokota, huanika, huchambua, kisha huleta mzigo wake chama cha msingi, ambako hupimiwa na kupewa stakabadhi. Kuanzia hapo korosho zimeshamtoka mikononi. Zinatiwa kwenye magunia na kupelekwa ghala kuu, zinapimwa upya na kukaguliwa ubora, zinaingizwa kwenye orodha ya mnada, na wakulima wakiikubali bei ndipo mnunuzi hulipa. Fedha nazo zina safari yake: zinapita chama kikuu, yaani muungano wa vyama vya msingi, zinakatwa ushuru na gharama za ghala, za usafirishaji na za magunia, halafu kile kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye akaunti ya mkulima. Kati ya siku ya mzani na siku ya fedha, mtu aliyepalilia, aliyepulizia salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na aliyeinama mwezi mzima chini ya mikorosho, hana kitu cha kushika isipokuwa kipande cha karatasi chenye sahihi ya katibu.

Ndiyo maana kangomba haifi. Kangomba ni ule ununuzi wa gizani, kwa bakuli au kopo badala ya mizani, kwa bei ya mwenye njaa, na umepigwa marufuku miaka nenda miaka rudi. Lakini mnunuzi wa kangomba ana sifa moja ambayo sisi hatukuwa nayo: analipa papo hapo. Baadaye nilikuja kuona kwamba kila gunia lililopita usiku kwa kangomba lilikuwa kura ya kutokuwa na imani nasi, na kwamba ningetaka kujua wanachama wanatuonaje, nisingehitaji kuwahoji. Ningelinganisha tu kilo zilizofika mzanini na ukubwa wa mashamba niliyoyajua.

Sasa niieleze hiyo Ijumaa.

Ilikuwa mwishoni mwa Desemba, mnada ulikuwa umeshafanyika, bei imekubaliwa, na watu walikuwa wakihesabu siku. Januari ilikuwa inabisha hodi, na katika nyumba nyingi Januari maana yake ni sare, madaftari na godoro la mtoto anayekwenda bweni. Alhamisi jioni rafiki yangu anayefanya kazi katika benki moja alinipigia simu akasema kwamba amesikia malipo ya vyama vya upande wetu yamo njiani. Alisema "nimesikia". Mimi niliposimama mbele ya ofisi dakika chache baadaye, nikiwa nimezungukwa na watu wapatao arobaini, neno lile lilikuwa limeshapotea kinywani mwangu. Niliwaambia, "Kesho Ijumaa, kabla ya sala, kila mtu atakuwa na fedha yake kwenye akaunti." Sikuwa na nia ya kudanganya. Nilitaka kuziona nyuso zile zikilegea, na kwa usiku mmoja zililegea kweli.

Kuna mzee mmoja aliyekwenda usiku uleule kwa mwenye duka akachukua bati kumi kwa mkopo, akitaja jina langu kama dhamana. Mama mmoja alipanga gari la kwenda kumnunulia binti yake godoro. Ijumaa ikapita kavu. Watu waliosafiri hadi kwa wakala wa benki wakarudi jioni na vumbi lao. Nami, na hapa ndipo penye kosa lenyewe, nilizima simu. Jumamosi niliaga nyumbani kwamba nina kazi ya ofisi Mtwara mjini, kazi ambayo haikuwapo, na nikashinda nimekaa kwenye mgahawa karibu na stendi nikinywa chai iliyopoa. Nilikuwa naogopa. Wakati huo kila mtu wa ushirika kusini aliikumbuka Liwale, mkoani Lindi, ya Aprili 2013, ambako hasira za wakulima juu ya malipo pungufu ya korosho zilifikia hatua ya kuchoma moto nyumba za viongozi. Nilijiambia kwamba najilinda. Lakini kijijini hakuna aliyebeba kiberiti. Walikuwa wanataka tu mtu wa kumuuliza.

Mtu huyo alikuwa Mzee Mwenyekiti. Nilisimuliwa baadaye, na nikayaona kwa macho yangu Jumatatu niliporudi. Alikuwa ameitoa benchi ya ofisini akaiweka chini ya mkorosho ulio mbele ya mlango, na kila siku saa moja asubuhi alikuwa amekaa pale, kanzu yake kuukuu na baraghashia, simu mkononi. Kila aliyefika aliamkiwa na kuulizwa kwanza hali ya mke na watoto wake, kisha akaambiwa maneno yaleyale: "Fedha haijaingia. Sijui itaingia lini. Nikijua saa tatu, na wewe utajua saa tatu." Mtu wa kumi alijibiwa sawasawa na mtu wa kwanza. Kijana mmoja alimtolea maneno makali kiasi kwamba wenzake walimshika mkono; mzee alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Hasira yako ni halali, mwanangu. Kaa, tungoje wote."

Aliponiona nikiteremka kwenye bodaboda hakunifokea. Alijisogeza kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja, akasema, "Katibu, kaa hapa." Nilikaa. Nadhani yale masaa matano, nikiwa nimebanana naye kwenye ubao ule, huku watu wakija na kuniangalia bila kunisemesha, ndiyo darasa gumu kuliko yote niliyowahi kukaa.

Fedha ziliingia Jumatano. Hata hivyo hadithi haikuishia hapo, kwani kati ya wakulima 214 waliokuwamo kwenye orodha ya malipo, majina 61 yaligonga mwamba. Nilikuwa nimetumia orodha ya akaunti ya msimu uliotangulia bila kuipitia upya. Wengine akaunti zao zilikuwa zimelala, wengine jina la stakabadhi halikulingana na la benki, kwa sababu kijijini mtu huitwa kwa jina la mtoto wake na kwenye kitambulisho ana jina jingine kabisa. Wale 61 walisubiri wiki mbili zaidi. Kosa hili la pili lilikuwa la uzembe tu, la aina ambayo husameheka haraka. Lakini kwa kuwa lilikuja nyuma ya Ijumaa ile, hakuna aliyelichukulia kama uzembe. Wakaanza kusema kwamba fedha zilikuwa zimefika tangu awali na katibu alikuwa "anazizungusha". Mkaguzi alipokuja baadaye, vitabu vyetu vilipata hati inayoridhisha, nami nikaibandika ukutani kwa fahari. Kwa muda wote iliokaa pale sikumwona mtu akiisoma.

Kilichoniumiza zaidi kilikuwa kitu kidogo. Bibi mmoja, mjane mwenye ekari chache upande wa bondeni, alianza kupitia kwa mwalimu wa shule ya msingi kila akitoka kwangu, ili mwalimu ampigie upya hesabu ya kilo zake mara bei, kutoa makato. Wengine wakaiga. Jioni ungeona foleni kwenye baraza ya mwalimu, watu wameshika stakabadhi zenye mhuri wangu, wakihakikiwa na mtu ambaye hakuwa na wadhifa wowote katika chama. Nilikasirika sana. Nilimwambia Mzee kwamba wananidhalilisha. Akanijibu kwamba mtu akiumwa na nyoka huuogopa hata ung'ong'o, kisha akaongeza jambo ambalo methali hiyo hailisemi: kwamba ung'ong'o ukimkasirikia mtu kwa kuogopwa, ndipo utakapofanana na nyoka kabisa.

Msimu uliofuata mvua ziliwahi. Korosho inayotakiwa ni ile iliyokauka sawasawa. Njia ya kijijini ya kuipima ni kuibonyeza kwa ukucha, na ukucha ukiacha alama kwenye ganda, bado. Kwa haraka ya kuwahi mnada, na kwa kuwa nilitaka chama kionekane kimekusanya mzigo mkubwa mapema, niliwaruhusu wapimaji wapokee korosho ambazo ukucha ulikuwa unaacha alama. Zilipofika ghala kuu na kukaa, uzito ukashuka. Unyaufu wa kawaida unajulikana na una hesabu yake, lakini sisi tulipungukiwa kilo 386 zaidi ya hapo katika shehena tatu, ambazo kwa bei ya msimu ule zilikuwa zaidi ya shilingi 900,000. Swali likawa: nani anabeba upungufu huu?

Njia nyepesi, ambayo vyama vingine vimekuwa vikiitumia kimyakimya, ni kuugawa upungufu kwa wakulima wote, kila mmoja akatwe kilo moja hapa, kilo mbili pale, na kwenye stakabadhi asione chochote. Niliipendekeza mimi. Niliiita "mgawanyo wa hasara", na katika kikao cha bodi nilionyesha kwamba kwa mkulima wa wastani isingefika hata shilingi elfu tano. Mzee aliuliza swali moja tu: "Tutawaambia?" Nikasema kwamba kuwaambia kutazua taharuki isiyo na sababu. Akasema, "Basi haifai."

Mkutano uliitishwa. Alieleza kisa chote kwa Kiswahili chepesi, kuanzia mvua hadi mzani wa ghala kuu, akasema kwamba ofisi ilipokea korosho mbichi wakati ilijua ni mbichi, na kwamba bodi imeamua posho zake za vikao za msimu mzima ziingie kwenye pengo hilo, na sehemu itakayobaki itoke kwenye ushuru wa chama iwapo mkutano utakubali. Hakunitaja mimi. Alisema "ofisi". Ukumbi ulinyamaza, ule ukimya ambao mtu hujui unaelekea wapi, kisha yule bibi wa bondeni akanyoosha mkono. Hakuuliza juu ya posho. Aliuliza, "Na korosho zako wewe, Mwenyekiti, zilikuwa kavu?"

Jibu nilikuwa nalo mimi kwenye leja. Magunia mawili ya Mzee yalipokelewa siku ile ya mvua kubwa, na mpimaji, kwa heshima, hakuthubutu kuyarudisha. Mbali na mimi na mpimaji, hapakuwa na mtu aliyejua. Nilimwangalia, na naikumbuka hofu yangu kwamba angesema uongo mdogo, na kwamba mimi ningelazimika kuubeba pamoja naye. Alivua baraghashia, akaishika mkononi. Akasema, "Gunia mbili zilikuwa mbichi, mama. Nilijua. Nilitaka ziwahi."

Kuna mtu alicheka nyuma, kicheko cha mshangao. Kisha mambo ya mkutano yakaendelea kama kawaida. Watu walibishana juu ya ushuru kwa karibu saa moja, wakakubali, wakadai kwamba wapimaji wabadilishwe, tukakubali. Hakuna aliyemshangilia Mzee. Lakini tangu siku ile sikusikia tena mtu akisema kwamba viongozi wanazungusha fedha, na katika msimu uliofuata kilo zilizofika kwenye mzani wetu ziliongezeka, ingawa mashamba yalikuwa yaleyale. Waliokuwa wakipitisha mizigo usiku walikuwa wameanza kuja mchana.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Mtu anaweza kusema ni ukweli tu, na viongozi wote huambiwa waseme ukweli. Nadhani watu walimwamini kwa kuwa ukweli ule ulikuwa unamgharimu yeye na haukuwa unamsaidia popote: angeweza kujibu "kavu" na hakuna ambaye angembishia. Kabla ya hapo tayari alikuwa ametoa posho yake, hivyo kukiri kwake hakukuwa maneno matupu yanayoelea bila malipo. Nasisitiza hili kwa sababu nimeshaona upande wa pili. Baadaye nilifanya kazi chini ya kiongozi mwingine, katika taasisi nyingine, aliyekuwa hodari sana wa kuomba radhi. Kila kikao alianza kwa kukiri upungufu wake, kwa sauti ya unyenyekevu, na kila kikao upungufu ulikuwa uleule. Mwanzoni tuliguswa. Kufikia kikao cha nne watu walikuwa wakitazamana akianza tu, "Ndugu zangu, nakiri."

Mzee mwenyewe alikuwa na mfano wake, na hakuchoka kuurudia. Alikuwa kijana wakati serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na baba yake alikuwa mwanachama. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alisema hadharani kwamba kama angeanza upya, kuvunja ushirika na serikali za mitaa ni mambo ambayo asingeyafanya. Mzee aliyataja maneno hayo kwa heshima kubwa, lakini hakuyataja bila kukumbusha kwamba baba yake alikuwa ameshazeeka, na kwamba kukiri kwa Mwalimu hakukumrudishia ng'o kile alichokipoteza. Alimsifu Mwalimu zaidi kwa jambo la Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, wakiwanyooshea vidole viongozi kwa mishahara yao minono. Mwalimu aliwafukuza wanafunzi wale, na hapohapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. "Aliwaadhibu, lakini neno lao alilisikia," Mzee alikuwa akisema. Mimi sikubaliani naye kwamba kufukuza ndiko kulikofaa, na tuliwahi kubishana hadi chai ikapoa, ila nilielewa alichokuwa anakitazama.

Nisimchore kama malaika, kwani hakuwa. Kule kwetu mpwa ana nafasi ambayo watu wa mikoa mingine huenda wasiielewe. Ukoo unahesabiwa kwa upande wa mama, na mtoto wa dada ni wako kwa namna ambayo hata mwanao wa kumzaa wakati mwingine si wako. Mpwa wa Mzee alikuwa na lori. Kwa misimu miwili zabuni ya kusafirisha korosho kutoka chamani hadi ghala kuu ilimwangukia yeye, na ingawa bei yake ilikuwa ya kawaida na karatasi zote zilikuwapo, nilizijaza mimi mwenyewe, maneno yalianza. Nilishangaa kuona jinsi imani iliyojengwa kwenye mkutano ule ilivyoanza kumomonyoka kwa sababu ya lori moja. Hakuna aliyesema Mzee ni mwizi. Walisema tu, kwa sauti ya chini, "Na yeye pia ana wake." Salamu zikawa fupi. Mzee alilihisi hilo kabla yangu. Msimu wa tatu alisimama kwenye bodi akasema mpwa wake asiombe tena maadamu yeye yuko kwenye kiti, na hakuomba. Dada yake Mzee hakukanyaga nyumbani kwake kwa zaidi ya mwaka, hata kwenye Idi. Gharama ile sikuiona kwenye leja yoyote, na sidhani kama wanachama wengi waliijua.

Na kuna lile jambo la salfa ambalo nalipenda kwa udogo wake. Pembejeo zilipokuwa zikigawiwa, viongozi wa vyama jirani walikuwa na mtindo wa kujitangaza kwamba wao watachukua mwisho kabisa. Mzee hakufanya hivyo. Alikuwa namba 83 kwenye orodha, na ilipofika 83 alikwenda akachukua mfuko wake, akaubeba begani, akaondoka. Nilimuuliza kwa nini asisubiri mwisho, watu wangempenda. Akasema salfa ikichelewa haina kazi, naye ana mikorosho kama wengine. Na mtu anayejifanya hana shida, siku akionekana ana shida watamwona mwongo. Nilikuja kugundua kwamba wanachama walikuwa wakifuatilia jambo lile kwa makini kuliko nilivyofikiri. "Namba yake ni themanini na tatu," waliniambia zaidi ya mara moja, kama watu wanaotaja sifa.

Kwa upande wangu, kurudi hakukuwa na siku maalumu. Nilichofanya ni kununua ubao mweusi na boksi la chaki kwa fedha yangu, nikautundika nje chini ya paa, mahali mtu anapoweza kuusoma hata ofisi ikiwa imefungwa. Kila Jumatatu niliandika namba ya mnada, kilo zetu zilizouzwa, bei, kila kato kwa jina lake na kiasi chake kwa kilo, na tarehe fedha zilipoingia akaunti ya chama. Safu ya mwisho niliipa kichwa "Bado hatujui". Wiki za mwanzo mkono ulikuwa mzito kuandika kwenye safu ile. Nilihisi kama ninajianika mbele ya watu kwamba katibu mwenye stashahada hajui. Kumbe ndiyo safu waliyoisoma kwanza. Niliandika pia majina yaliyogonga benki na sababu yake, ikiwemo, pale ilipostahili, maneno "kosa la ofisi". Yule mzee wa bati kumi nilikwenda kwake mwenyewe, nikamlipia mwenye duka kile alichomwongezea kwa kuchelewa, na akanikaribisha ugali kwa kisamvu bila kulitaja jambo lenyewe hata kidogo.

Msimu mzima ulipita. Sehemu kubwa ya wa pili ikapita. Sikuambiwa na mtu kwamba nimesamehewa. Niliona tu kwamba nikisema "sijui" watu hawasogei karibu zaidi kunichunguza uso, na nikisema "Jumanne" wanapanga Jumanne.

Bibi wa bondeni hakuacha kwenda kwa mwalimu. Hadi nilipokabidhi ofisi alikuwa bado akitoka kwangu na stakabadhi yake, anakata kona ya shule. Katika mwaka wangu wa mwisho nilikuwa nimeshampelekea mwalimu nakala ya jedwali la makato na kikokotoo cha ziada kilichokuwa kabatini, ili asihangaike na kalamu. Siku moja mwalimu alinirudishia stakabadhi ya bibi yule kwa mkono wa mtoto wa shule, imeviringwa kwenye karatasi ya daftari. Nilikuwa nimekosea shilingi 1,200. Niliifuta, nikaandika upya, nikatia sahihi pembeni, nikampa mtoto airudishe.